Unauliza Kama ni Boy ama Girl, Lakini Hujauliza Kichwa Kiko Aje

Ukipitia status za WhatsApp wikendi yoyote, hukosi hii picha. Nyeusi na nyeupe, ina chenga chenga kama TV ya kitambo iliyopoteza stesheni, na chini yake mtu ameandika "Mungu ni mwema". Comments ni zile zile: "Hongera mamii!", "Ni boy ama girl?", "Auntie niko ready." Wiki mbili baadaye kuna sherehe. Baluni linapasuliwa, poda ya bluu ama ya pinki inaruka hewani, keki inakatwa, TikTok inapata content.

Hakuna mtu huuliza kuhusu kile kitu kikubwa cha duara kilicho katikati ya picha. Hicho ni kichwa. Na ukweli ni kwamba hiyo skani ya katikati ya mimba haikuwekwa ili ujue rangi ya baluni. Kazi yake kubwa ni kuangalia kama mtoi ameumbika sawa, na kichwa na ubongo ni kati ya vitu vya kwanza kuangaliwa.

Ukikaa kwa benchi nje ya chumba cha skani, mahali popote Nairobi, utaskia stori kama hii kupitia mlango:

"Daktari, ni boy ama girl?"

"Ngoja kwanza mama, napima kichwa."

"Sawa, lakini umeona?"

Huyo daktari hajakataa kujibu. Ni vile ana kazi, na hiyo kazi ndiyo tunataka kuongea leo, kwa sababu wasee wengi wanalipia skani bila kujua wamelipia nini.

Wanapima nini hapo kichwani?

Kwanza tuondoe uoga. Skani si eksirei. Haina mionzi. Ni mawimbi ya sauti ya juu sana, sikio la binadamu haliwezi kuyaskia. Kile kifaa kinachopitishwa kwa tumbo yenye jeli kinatuma sauti ndani, sauti inagonga vitu na kurudi, kompyuta inachora picha kutokana na mwangwi. Zile stori za mtaa ati skani inachoma ubongo wa mtoto hazina msingi. Hata hivyo, madaktari hawashauri upigwe skani ndefu za kujifurahisha tu kila wiki ndio upate picha za Instagram. Kila skani iwe na sababu.

Sasa toa ile ripoti yenye ulikunja ukaweka kwa handbag. Utaona herufi BPD. Huo ni upana wa kichwa, kutoka upande wa sikio moja hadi lingine. Mimba ikiwa wiki 20, huwa kama sentimita 4.7, karibu upana wa yai la kuku. Halafu kuna HC, yaani mzunguko wa kichwa chote, ambao wakati huo huwa kama sentimita 17.5. Watoi hawafanani, kwa hivyo namba ikicheza kidogo juu ama chini usianze kulia. Kinachoangaliwa ni kama iko ndani ya kipimo cha kawaida cha hizo wiki, na kama inaendelea kukua vizuri.

Lakini kupima ukubwa ni mwanzo tu. Skani yenye imefanywa fiti inaingia ndani ya fuvu. Katikati ya ubongo kuna vyumba vya maji. Kila mtu anavyo, hata wewe unayesoma hii kwa mat. Upana wa hivyo vyumba unafaa kuwa chini ya milimita 10. Vikianza kupanuka, mtaalamu anasimama na kuangalia mara ya pili. Vikipita milimita 15, hiyo ni hali nzito, na inaweza kuwa ule ugonjwa wa kichwa kujaa maji, wenye hospitalini wanaita haidrosefalasi. Pia wanaangalia ubongo mdogo wa nyuma, ule wa kusaidia mtu kusimama bila kuyumba, na kama fuvu limefunika kichwa chote.

Na hapa kuna kitu kitakushangaza. Kichwa kinaweza kutoboa siri ya mgongo. Mwaka 1986 madaktari wa London waliandika kwamba mtoto mwenye mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga vizuri, mara nyingi huonyesha dalili mbili kichwani. Fuvu linabonyea mbele hadi linafanana na limau, na ule ubongo mdogo wa nyuma unajikunja kama ndizi. Kwa hivyo hata kama mtoi amelala kwa njia inaficha mgongo, mtaalamu mwenye macho akiona limau na ndizi anajua kuna kitu cha kutafuta huko nyuma. Hapo ndipo unaona tofauti ya mtu aliyesomea hii kazi na mtu wa kubonyeza tu mashine.

Mashine ilitoka kwa meli

Hii teknolojia si ya jana. Miaka ya hamsini, daktari wa Scotland anaitwa Ian Donald alikuwa Glasgow, mji wa kujenga meli. Huko viwandani walitumia mwangwi wa sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma. Jamaa akajiuliza, kama sauti inaona ufa ndani ya chuma, itashindwaje kuona ndani ya tumbo? Mwaka 1958 yeye na wenzake wakachapisha kazi yao, na kichwa cha mtoto kikawa moja ya vitu vya kwanza kupimwa, kwa sababu mfupa unarudisha mwangwi poa. Kufika 1972, Stuart Campbell na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba skani inaweza kugundua mtoto ambaye fuvu na sehemu kubwa ya ubongo havikuumbika.

Piga hesabu. Ni zaidi ya miaka 50 tangu skani ianze kusoma kichwa. Sisi bado tunauliza boy ama girl.

Wiki ndio mambo yote

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema mwaka 2016 kila mjamzito apate angalau skani moja kabla ya wiki 24. Skani ya kuangalia maumbile ya mtoto kwa undani kawaida hufanywa kati ya wiki 18 na 22. Kwa nini hapo? Mapema sana, ubongo bado ni mdogo na haujajipanga vya kutosha. Ukichelewa sana, mfupa wa fuvu umekomaa na unaweka kivuli, kichwa kinaweza kuwa kimeshuka chini kwenye nyonga, na picha inakuwa ngumu kusoma.

Kuna shida nyingine ya kuchelewa. Mwanzoni mwa mimba, skani inasema umri wa mimba karibu bila makosa. Baada ya wiki 28, makosa yanaweza kufika hata wiki 3. Hiyo ni tofauti kubwa. Kama hukumbuki period ya mwisho ilikuwa lini na umeenda skani ukiwa miezi 8, daktari akiona kichwa kidogo atabaki akijiuliza: hiki kichwa hakikui, ama mimba ni changa kuliko vile mama anasema? Skani ya mapema ingekuwa imemaliza huo mjadala.

Hesabu za Kenya zinasema nini? Utafiti mkubwa wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 98 ya wajawazito walihudumiwa na mtaalamu wa afya angalau mara moja. Hiyo ni fiti. Lakini waliofikisha ziara nne ama zaidi walikuwa asilimia 66. Maanake mmoja kati ya watatu hakufikisha nne, na WHO inataka nane. Shida kubwa si kukataa kliniki. Ni kuenda ukiwa umechelewa, halafu kupotea.

Na tusijifanye hatujui sababu. Manzi wa campo ameshika ball, anaficha kwa hoodie mpaka mwezi wa tano ndio mathe asijue. Mwingine anauza nguo Gikomba, kuenda kliniki ni kupoteza siku nzima ya biashara. Mwingine anangoja jamaa wake atume doo ya skani, na jamaa ameingia mitini. Wiki ya 20 haingoji mtu amalize mambo yake. Ikipita imepita.

Tukuje kwa doo

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF ilizikwa na SHA ikachukua nafasi. Linda Mama, ile programu iliyoanza 2016 ya mama kujifungua bure, nayo ikaingizwa kwa Linda Jamii. Badiliko kubwa ni hili: kitambo mama alisajiliwa kwa sababu ni mjamzito. Siku hizi inabidi usajiliwe, na kwa huduma za hospitali kubwa inabidi michango iwe imelipwa. Mwenye payslip anakatwa asilimia 2.75. Mtu wa hustle anapimwa uwezo wake, kiwango cha chini ni soo tatu kwa mwezi, na analipa ya mwaka mzima mbele.

Soo tatu haiskiki kama pesa nyingi mpaka uizidishe mara 12 na ulipe siku moja, siku yenye landlord pia amepiga simu. Kwa hivyo msichana wa miaka 21, wiki ya 19, hajalipa SHA, anaambiwa mashine ya hospitali ya umma ina foleni ama haifanyi kazi wiki hii, aende akapigwe skani kwa kliniki ya nje. Huko nje ni cash. Na skani ya haraka ya kuona kama mtoto anacheza haina bei moja na ile ya kupekua ubongo na viungo vyote. Atachagua gani? Atachagua yenye ana pesa yake. Na hapo ndipo kichwa kinarukwa.

Kununua mashine tu si jibu. Tulishajaribu. Mwaka 2015 serikali ilikodisha vifaa vya kisasa vya hospitali, skani zikiwemo, kwa hospitali 98 nchini. Seneti ilipokuja kuchunguza huo mpango, moja ya malalamiko ilikuwa kwamba kuna mashine zimekaa tu, hakuna mtaalamu wa kuzitumia ama stima ya kuziendesha. Mashine bila mtu ni fanicha.

Sasa hivi wimbi ni la vifaa vidogo vya kuingia mfukoni, vinaunganishwa na simu, na wakunga wa Kenya wameanza kufunzwa kuvitumia. Mwaka 2023 Google nao wakatangaza wanashirikiana na Jacaranda Health, shirika la afya ya mama lililo hapa Kenya, kutafiti vile akili mnemba inaweza kusaidia kusoma skani za wajawazito. Ni mambo mazuri na tunayahitaji. Lakini tusidanganyane. Hizi skani ndogo zinajibu maswali ya msingi: mimba ina wiki ngapi, ni mapacha, mtoto ameangalia wapi, kondo la nyuma limekaa wapi. Hayo yanaokoa maisha. Kusoma vyumba vya ubongo na kutambua ile ndizi ya nyuma ni level nyingine, na bado inahitaji mtu aliyesoma, mwenye muda, mwenye mashine nzuri. Mwanasiasa akikata utepe mbele ya vifaa 50, muulize ameajiri wataalamu wangapi wa skani.

Wakipata kitu, halafu?

Wengi hapa ndipo wanaogopa. "Afadhali nisijue." Tunaelewa. Lakini sikiza.

Kwanza, si kila kitu kinachoonekana ni msiba. Vyumba vya maji vikiwa milimita 10 hadi 12 na hakuna kitu kingine kimeonekana, watoto wengi wanazaliwa na kukua sawa. Unaambiwa urudi skani tena, labda na vipimo vya damu vya kutafuta maambukizi. Pia skani si Mungu. Kuna vitu haioni, na kuna vitu inashuku halafu vinapotea.

Pili, kujua kunabadilisha mahali utazalia. Mtoto mwenye kichwa kilichojaa maji anaweza kukwama wakati wa kuzaliwa, na hiyo ni hatari kwake na kwa mama. Ukijua ukiwa wiki ya 20, una muda wa kupanga kuzalia hospitali yenye theatre, na kujua daktari wa upasuaji wa ubongo wa watoto yuko wapi. Ukijua ukiwa leba, katika kituo kidogo usiku wa manane, unatafuta ambulensi.

Na matibabu yako. Njia ya kawaida ni kuweka mrija mwembamba chini ya ngozi unaotoa maji kichwani hadi tumboni. Kijabe, hapo tu juu ya Bonde la Ufa, wamekuwa wakipasua watoto wenye vichwa maji na migongo wazi kwa miaka mingi. Na hapo ng'ambo tu ya mpaka, Mbale, Uganda, daktari Mmarekani Benjamin Warf alianza kazi mwaka 2000 akaona shida ya mrija: ukiziba, mtoto wa kijijini hana njia ya kufika hospitali haraka. Akaunganisha njia mbili za upasuaji kwa kutumia kamera ndogo, ndio maji yapate njia mpya ndani ya ubongo na yatengenezwe kidogo, na watoto wengi wakaishi bila mrija. Leo mbinu iliyokomaa Mbale inatumika hadi Marekani. Kwa hivyo mtu akikuambia kichwa maji ni laana, ama mama alirogwa, ama "ni kwa sababu ulikuwa unatembea usiku", mwambie kuna theatre imekuwa ikitibu hiyo laana miaka zaidi ya 20.

Tatu, kuna habari ngumu kabisa. Mtoto ambaye fuvu na ubongo havikuumbika hawezi kuishi; wengi hufa kabla ama muda mfupi baada ya kuzaliwa. Hapo hakuna upasuaji. Katiba yetu, kifungu cha 26, hairuhusu kutoa mimba isipokuwa mtaalamu wa afya aone kuna haja ya matibabu ya dharura, ama maisha au afya ya mama iko hatarini, ama sheria nyingine iruhusu. Hayo ni mazungumzo ya mama na daktari wake, pamoja na mtu anayemwamini. Si mazungumzo ya group ya WhatsApp ya familia. Na jamaa, kama wewe ndiye baba, hii ndiyo siku ya kuwa ndani ya hicho chumba.

Kinga inaanza kabla ya skani

Hii sehemu screenshot. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga kufikia siku ya 28 hivi baada ya mimba kutungwa. Wakati huo manzi wengi bado wanajiambia "period imechelewa tu." Ndio maana tembe za asidi ya foliki, maikrogramu 400 kwa siku, zinafaa kuanza angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba na kuendelea hadi wiki ya 12. Si za bei. Haziondoi hatari yote, lakini zinaipunguza sana.

Kenya ilifanya kitu cha maana mwaka 2012, ikaweka sheria kwamba unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezwe virutubishi, asidi ya foliki ikiwemo. Lakini ule unga wa posho mill, wenye familia nyingi mtaani na ocha hutumia, kwa kawaida haujaongezwa kitu. Kama hiyo ndiyo ugali yako, tembe ni muhimu zaidi.

Na kama unatumia dawa za kifafa, hasa valproeti, ongea na daktari kabla ya kupanga mimba, kwa sababu inaongeza hatari ya mgongo wazi. Usiache dawa mwenyewe.

Msimamo wetu

Sherehe za baluni hatuzipingi. Pasueni, kuleni keki, mtoto ni baraka. Tunachosema ni kwamba kama kuna doo ya poda ya pinki, basi skani ya wiki 20 ilipwe kwanza. Na kama hakuna doo kabisa, hiyo si aibu ya mama; ni swali kwa kaunti na kwa SHA. Skani moja kamili kabla ya wiki 24 haifai kutegemea kama baba mtoto ametuma M-Pesa.

Ukiingia hicho chumba, uliza maswali matatu kabla ya lile la boy ama girl. Mimba ina wiki ngapi kwa kipimo? Kichwa na vyumba vya ubongo viko sawa, na mgongo pia? Kuna kitu hukuweza kuona, nirudi lini? Akijibu hayo matatu, sasa muulize la nne, halafu uende ununue baluni.

Wewe je, kwa ile ripoti yako, mtu alikuelezea BPD ni nini, ama ulipewa tu picha ukaenda? Tuambie hapo chini.